Daftari Lililoandika Sifuri: Kisa cha Msimamizi wa Asali Ambaye Watu Wake Hawakumwambia Kitu

Kisa hiki kimetoka katika kituo cha kukusanya na kuchuja asali mkoani Tabora. Jina la kikundi, wilaya, majina ya watu na kila kitu kinachoweza kumtambulisha mhusika vimeondolewa. Msimamizi anaitwa hapa Bwana S. Kazini wanamwita Mzee, ingawa ana miaka 46 tu, na nyumbani ni Baba K. Majina hayo mawili yana uzito, maana mwanzoni kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo, alidhani ni shida mbili tofauti.

Mazingira

Kituo kina wafanyakazi 9. Warina huleta asali kwa baiskeli na pikipiki kutoka misitu ya miombo, wengine wakitumia mizinga ya magome na wengine ya mbao. Asali inafika kwenye ndoo za lita 20, na ndoo iliyojaa hubeba takribani kilo 28. Mpokezi hupima uzito, kisha hupima unyevu kwa refraktomita: anaweka tone moja kwenye kioo, anafunga kifuniko, anasubiri kama nusu dakika ili tone lilingane joto na kifaa, ndipo anasoma. Anaandika namba kwenye daftari la mapokezi. Baada ya hapo ndoo huchujwa na kumiminwa kwenye tangi la kutuamisha.

Unyevu ndio roho ya kazi hii. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka asali isizidi asilimia 20 ya maji. Ikipita hapo, hamira iliyomo huanza kazi, asali inatoa povu na harufu ya uchachu. Asali mbichi, yaani iliyorinwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta, hufika ikiwa na asilimia 22, 24 au zaidi. Mrina hafanyi hivyo kwa ubaya. Ada ya shule haingoji nyuki.

Bwana S. ni mtu hodari na mwaminifu, na hilo halina ubishi. Alikuta kituo kina deni akalilipa. Anajua asali kwa kuiangalia tu inavyotiririka kwenye mwiko. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: habari mbaya ikimfikia, mdomo ulitangulia masikio.

Yaliyotokea

Alhamisi moja ya msimu mkubwa, mpokezi, binti wa miaka 24, alikataa ndoo 2 za mrina mmoja mzee. Mzee yule akaenda kulalamika kwa Bwana S. aliyekuwa kwenye simu na mnunuzi. Bwana S. alimgeukia binti mbele ya warina waliokuwa kwenye foleni: "Wewe umekuja juzi unamfundisha mzee huyu asali? Nataka tangi lijae kesho, sitaki hadithi." Ndoo zile zilirudi na mwenyewe, lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Ijumaa zikaingia ndoo 16. Kumi zilikuwa na wastani wa asilimia 17.8. Sita zilisoma 24. Binti alipima mara tatu. Kwenye daftari akaandika 19, na ile 24 akaiandika kwenye kipande cha karatasi, akakitia mfukoni mwa aproni. Ndoo zote zikamiminwa.

Hesabu yake ni rahisi: kilo 280 za asilimia 17.8 na kilo 168 za asilimia 24 hutoa kilo 448 za asilimia 20.1. Jumamosi asubuhi ziliingia ndoo 4 nyingine kavu, zenye 17.8 vilevile. Kama mtu mmoja angesema asubuhi ile, kabla uchachu haujaanza, ndoo hizo zingechanganywa vizuri na tangi zima lingeshuka hadi asilimia 19.7. Hakuna aliyesema. Watu watatu walikuwa wanajua.

Siku ya kumi na moja mnunuzi alikuja na kifaa chake, akapima, akafunga mkoba. Bei iliyokubaliwa ilikuwa shilingi 7,000 kwa kilo. Asali ile ikauzwa kwa watengenezaji wa wanzuki, yaani pombe ya asali, kwa shilingi 4,000. Hasara ikawa shilingi 1,344,000.

Wiki hiyohiyo, nyumbani kwa Bwana S., yalifumuka mambo mawili. Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa ameficha chini ya godoro mtihani wa hisabati wenye alama 14 kati ya 100. Na mkewe, anayeuza dagaa na mawese ya Kigoma sokoni, alikuwa na mkopo wa kikoba wa shilingi 400,000 tangu miezi minne nyuma bila mume kujua. Bwana S. alijua baada ya mwanakikoba mwenzake na mkewe kupita nyumbani kuulizia marejesho.

Bwana S. alimwambia mwenyekiti wa bodi kwamba amezungukwa na waongo, kazini na kwake. Alitaka kumfukuza mpokezi siku ileile. Mwenyekiti hakumbishia. Alimwomba wiki mbili, akamleta mwezeshaji.

Wiki mbili za kuandika

Mwezeshaji hakuanza na mafunzo. Alimpa daftari dogo lenye safu tatu: saa na mahali, mwili ulifanya nini, nilisema nini. Sharti lilikuwa kuandika ndani ya saa moja baada ya kukasirika na kutojieleza kwa nini. Sharti hilo la pili ndilo gumu, maana mtu akiruhusiwa kuandika sababu, daftari zima linakuwa mashtaka dhidi ya wengine.

Wakati huohuo mwezeshaji alizungumza na wafanyakazi mmoja mmoja, nje ya kituo. Maoni ya maandishi yasingefaa. Watu 9 wanajuana hati.

Baada ya wiki mbili daftari lilikuwa na matukio 31. Kumi na tisa yalikuwa kati ya saa tano na saa saba mchana, karibu yote mezani pa mapokezi, na mengi yalifuata simu ya mnunuzi. Bwana S. alikuwa hali kitu mpaka saa nane. Manane yalikuwa nyumbani, na yote manane yalitokea katika dakika kumi za kwanza baada ya kuingia mlangoni. Manne yaliyobaki yalitawanyika.

Wafanyakazi waliongeza kile ambacho yeye asingeweza kuandika. Walisema akianza kukasirika huacha Kiswahili na kuingia Kinyamwezi. Walisema pia kwamba walikuwa na ishara yao: akionekana anakuja na simu sikioni, aliye karibu na mlango hugonga mfuniko wa ndoo mara mbili, na kila mwenye jambo hulimeza. Ishara hiyo ilikuwa na zaidi ya mwaka. Alipoambiwa, Bwana S. alinyamaza muda mrefu, kisha akasema alikuwa akiusikia mlio huo kila siku na kudhani ni kazi inaendelea.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilimhusu mpokezi. Kuandika namba ya uongo kwenye daftari ni kosa, na halifutwi na ukali wa bosi. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na hapa kulikuwa na ushahidi wa kila mtu kwamba siku moja kabla alikaripiwa kwa kufanya kazi yake sawasawa. Alipewa onyo na kubakizwa palepale mezani. Kuhamishwa kungewaambia wenzake kwamba tatizo lilikuwa yeye. Akaambiwa pia aandike, kwa maneno yake, utaratibu mpya wa mapokezi.

Utaratibu ule ni mfupi. Ndoo yoyote inayosoma zaidi ya 20 hufungwa utepe mwekundu na kuwekwa kwenye benchi la kusubiri. Mpokezi haombi ruhusa ya mtu. Mtu wa pili hupima tena na kutia sahihi. Msimamizi huliona benchi saa nane, baada ya kula, na hana mamlaka ya kutoa ndoo pale bila kipimo cha tatu. Asali yenye 20 hadi 21 ambayo haijaanza kuchacha huchanganywa na iliyo kavu kwa hesabu iliyoandikwa. Iliyozidi hapo hurudi kwa mrina au huuzwa wazi kwa watu wa wanzuki.

Kisha likaja suala la yeye mwenyewe. Ahadi yake ya kwanza ilikuwa "nitakuwa mvumilivu". Haikumaliza siku tatu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio maalumu, kwa muundo wa "likitokea hili, nitafanya lile", hutekelezwa zaidi kuliko azimio la jumla. Ahadi ikaandikwa upya: *Mtu akiniletea habari mbaya, neno langu la kwanza ni "asante kwa kuniambia", na swali langu la kwanza ni "tuna muda gani?"* Swali hilo lilichaguliwa kwa makusudi. "Nani kafanya?" huwafunga watu midomo. "Tuna muda gani?" lingeokoa tangi la Jumamosi ile.

Mambo mawili madogo yaliongezwa, na yalibeba mzigo kuliko yalivyoonekana. Saa nne asubuhi anakula: uji, au michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga. Na kati ya saa nne na saa saba simu ya mnunuzi haipokelewi mezani pa mapokezi. Mnunuzi anapigiwa saa nane.

La mwisho lilikuwa kikao cha Ijumaa cha dakika 15, ambacho Bwana S. hukifungua kwa kosa lake mwenyewe la wiki. Ijumaa ya kwanza na ya pili hakuna aliyefungua mdomo baada yake. Ya tatu, dereva alisema mizani ndogo inapungukiwa gramu 300 kwa kila kilo 10 na kwamba amelijua hilo tangu mwezi uliopita. Macho yote yakamgeukia Mzee. Akasema, "Asante kwa kuniambia." Wenzake wanasimulia kwamba aliitamka kama mtu anayemeza kwinini, lakini aliitamka.

Nyumbani

Hapa mpango wa kwanza ulianguka vibaya. Bwana S. alichukua kilichofanya kazi kituoni akakipeleka nyumbani kilivyo: kikao cha Jumapili jioni, daftari, kila mtu aseme kosa lake. Watoto walikaa kimya kama wako mbele ya mwalimu mkuu. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba K., mimi si kibarua wako," akainuka kwenda kuinjika ugali. Kikao hakikurudiwa.

Kilichofuata kilitokana na zile dakika kumi za mlangoni. Karibu na nyumba kuna mwembe. Akifika hapo anazima pikipiki, anakaa kidogo na kujiuliza jambo moja: ninaingia na hasira ya nani? Mara nyingi jibu lilikuwa la mtu asiyeishi ndani ya nyumba ile. Akishaingia, anasalimia na kukaa. Habari za pesa na shule hazigusi mpaka watu wamekula.

Kuhusu mkopo, mwezeshaji alimshauri aulize swali moja tu na asijibu atakaloambiwa hadi kesho yake. Alimuuliza mkewe, wakiwa wawili, "Ulipoamua usiniambie, uliogopa nitafanya nini?" Alitegemea kusikia kwamba angegomba. Mkewe alisema, "Niliogopa ungeniuliza mbele ya watoto." Fedha ile ilikuwa imelipa michango ya shule na mtaji wa dagaa, na sehemu kubwa ilikuwa imesharejeshwa. Kosa halikuwa kwenye fedha.

Kwa kijana, Bwana S. hajui hisabati za kidato cha pili na alikuwa akificha hilo kwa ukali. Alimwambia. Sasa jioni hukaa meza moja, kijana na mazoezi yake, baba na daftari la mapokezi, na mara mojamoja kijana ndiye humkagulia baba hesabu za wastani wa unyevu.

Kurudi nyuma

Wiki ya tisa mnunuzi alichelewesha malipo. Warina walijaa uani wakidai haki yao, na Bwana S. alimfokea dereva, kwa Kinyamwezi, mbele ya wote. Mfuniko wa ndoo ukagongwa mara mbili kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili.

Jioni ileile alimfuata dereva kwenye gari. Alisema sentensi mbili: nimekukosea kwa kukufokea mbele ya watu kwa jambo ambalo si lako, kesho nitasema hivyo mbele ya watu walewale. Akafanya hivyo. Zamani angengoja watu wasahau, na hawakuwa wakisahau.

Matokeo baada ya miezi sita

Ziliingia ndoo 212. Kumi na saba zilikwenda kwenye benchi. Hakuna tangi lililopita asilimia 20. Mfanyakazi mmoja aliondoka hata hivyo, akisema amechoka, na hakuna sababu ya kutomwamini. Mke wa Bwana S. alimaliza mkopo, na wiki ya saba alimweleza mwenyewe kuhusu rejesho moja gumu kabla ya tarehe yake. Kijana alipata 31 kwenye hisabati. Bado ni alama ya chini, lakini aliileta mwenyewe.

Uchambuzi

Tuanze na namba ambayo kila mtu alipaswa kuiona. Katika miezi minne kabla ya tukio, daftari la mapokezi halina hata ndoo moja iliyosoma zaidi ya 20. Sifuri. Bodi ilipitia daftari hilo na kusifu. Lakini katika msimu wowote, warina wakiwa wengi kiasi hicho, asali mbichi lazima ifike. Sifuri ilikuwa inasema kwamba taarifa zimekoma. Mtafiti Amy Edmondson alikutana na jambo la aina hii hospitalini katika miaka ya 1990: vitengo vilivyoongozwa vizuri ndivyo vilivyoonekana kuwa na makosa mengi zaidi ya dawa, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko watu walithubutu kuyasema. Ndoo 17 kwenye benchi ni afya. Mjumbe mmoja wa bodi bado anaziita kushuka kwa ubora, na ni lazima aelezwe tena na tena.

Pili, kujitambua kwa Bwana S. hakukuanza kwa kujichunguza moyo. Kulianza kwa saa, mahali na njaa. Watu wengi wakiambiwa wajitambue huenda kutafuta utoto wao, na huenda lipo la kupatikana huko, lakini matukio 19 kati ya 31 yalikuwa mchana wa tumbo tupu, karibu yote mezani pa mapokezi. Hilo linatibika kwa michembe. Na lile ambalo mtu hawezi kuliona, kama ile lugha inayobadilika na ule mfuniko unaogongwa, halipatikani kwa kutafakari hata mwaka mzima. Linatoka kwa wengine, na wengine hawasemi mpaka wahakikishiwe usalama.

Lililoshindwa waziwazi ni msamaha wa siku ya kwanza, ambao haujatajwa hapo juu. Kabla mwezeshaji hajamaliza mazungumzo na wafanyakazi, Bwana S. aliwakusanya wote akaomba radhi kwa karibu dakika 20, akieleza maisha yake na shinikizo la deni. Vijana waliangalia chini. Wawili walidhani ni mtego. Mpokezi, aliyekosewa kuliko wote, hakutajwa hata mara moja. Ulikuwa msamaha uliowatwika wasikilizaji kazi ya kumfariji mkosaji. Ukiulinganisha na zile sentensi mbili alizomwambia dereva unaona tofauti: kosa lilitajwa, mwenye kukosewa alitajwa, marekebisho yalikuwa na siku.

Kosa la mwezeshaji nalo lisemwe. Alizungumza na wafanyakazi wote 9 lakini hakuzungumza na mke mpaka wiki ya nne, baada ya kikao cha Jumapili kuvunjika. Alichukulia kwamba ya nyumbani yatafuata ya kazini. Kituoni utaratibu uliweza kumlinda mpokezi hata siku ambayo Mzee ana hasira, kwa sababu utepe mwekundu hausikilizi sauti. Nyumbani hakuna utepe. Mke na mtoto hawana cha kuegemea isipokuwa kuona, jioni baada ya jioni, kwamba mtu anayeingia ni yuleyule wa jana. Ndiyo maana kituoni mabadiliko yalionekana Ijumaa ya tatu, na nyumbani yalichukua wiki saba kupata neno moja la hiari.

Lipo jambo ambalo kisa hiki hakikulimaliza. Mwezi wa saba Bwana S. alichukua likizo ya wiki mbili, na msaidizi wake, kijana aliyelelewa kazini chini ya Mzee wa zamani, akakaimu. Benchi lilikuwepo, utepe ulikuwepo, na mpokezi alikuwa yuleyule. Ndoo 23 ziliingia katika wiki hizo. Kwenye safu ya zilizozuiwa, daftari limeandikwa sifuri.